Viambishi vya hali na umilikishi katika Kituruki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa msemaji wa Kiswahili aliyekwisha kuanza Kituruki cha Uturuki na kufika pale maneno yanapoanza kuota mikia. Wengi hukutana na jambo hili wiki za mwanzo za mwaka wa lugha, ule ambao wanafunzi wa ufadhili wa Türkiye Bursları husoma Kituruki kabla ya kuingia chuoni. Kila jibu linajitegemea. Panapohitajika tunaelekeza swali jingine kwa namba yake.

Kuhusu herufi: *c* husomwa kama j yetu, *ç* kama ch, *ş* kama sh. *ğ* hurefusha irabu iliyotangulia. *ı* isiyo na nukta ni irabu kamili, si *i* iliyosahauliwa nukta.

## Misingi

1. Hali ni nini, na Kituruki kina ngapi?

Hali ni umbo linalovaliwa na nomino kuonyesha kazi yake katika sentensi: kitu kinatendwa, kinaelekewa, ndipo mtu alipo, ndipo anapotoka, au ndicho mwenye kumiliki. Waturuki wenyewe husema *hâl*. Nomino nne zinatosha kuonyesha zote:

| Hali | Kazi | nyumba | gari | kitabu | shule |
|---|---|---|---|---|---|
| tupu | mtenda | ev | araba | kitap | okul |
| -i | kitendwa mahususi | evi | arabayı | kitabı | okulu |
| -e | kuelekea, kupewa | eve | arabaya | kitaba | okula |
| -de | mahali kilipo | evde | arabada | kitapta | okulda |
| -den | kutokea | evden | arabadan | kitaptan | okuldan |
| -in | mwenye mali | evin | arabanın | kitabın | okulun |

Vitabu vingi vya shule nchini Uturuki huhesabu tano za mwanzo na kuifundisha -in peke yake, pamoja na umilikishi. Vingine huhesabu sita, na vingine huongeza *ile* (kwa, pamoja na) ikawa saba. Usiumize kichwa kwa hesabu hiyo, maumbo ni yale yale.

2. Kwa nini kiambishi kimoja kina sura nyingi?

Ni upatanifu wa irabu, na msemaji wa Kiswahili anao tayari: tunasema *pigia* lakini *somea*, *andikia* lakini *letea*, bila kufikiri. Kituruki hufanya vivyo hivyo kwa karibu kila kiambishi.

Tazama irabu ya mwisho ya neno, hiyo tu. Viambishi vimegawanyika makundi mawili. Kundi la sura mbili (-e, -de, -den, na wingi -ler) huchagua kati ya *a* na *e*: baada ya a, ı, o, u weka *a*, baada ya e, i, ö, ü weka *e*. Kundi la sura nne (-i, -in, na vimilikishi) huchagua hivi:

- baada ya a au ı: *ı* (kız, kızı)
- baada ya e au i: *i* (ev, evi)
- baada ya o au u: *u* (okul, okulu)
- baada ya ö au ü: *ü* (göz, gözü)

Kosa la kawaida ni kunakili irabu ya neno badala ya kuichagulia mwenzake: mtu akiona *yol* (njia) huandika *yolo*. Viambishi hivi havina *o* wala *ö* kamwe. Ni *yolu*.

3. Kwa nini evde lakini sokakta?

Kwa sababu *sokak* (mtaa) huishia kwa konsonanti isiyo na mtetemo wa koo, na *d* inayoifuata hugeuka *t*. Konsonanti hizo ni nane: f, s, t, k, ç, ş, h, p. Wanafunzi wa Kituruki huzikariri kwa maneno *Fıstıkçı Şahap* (Şahap muuza karanga), ambayo ndani yake zimo zote nane. Kwa hiyo: *ağaçta* (mtini), *otobüsten* (kutoka kwenye basi), *Beşiktaş'ta*. Hata neno geni hufuata sheria hii, kama *Paris'te*.

4. Hizi y, n na s zinazoingia katikati ni za nini?

Kituruki hakipendi irabu mbili zikutane kwenye kiungo cha neno na kiambishi. Neno likiishia kwa irabu na kiambishi kikianza kwa irabu, huwekwa konsonanti ya kuzitenganisha, na kila kiambishi kina yake: *y* kwa -i na -e (*arabayı, arabaya*), *n* kwa -in (*arabanın*), *s* kwa kimilikishi cha nafsi ya tatu (*arabası*, gari lake).

Neno *su* (maji) ni kaidi, huchukua *y* kila mahali: *suyun* (ya maji), *suyu* (maji yake). Usiandike *sunun* wala *susu*. *Ne* (nini) nalo hutoa *neyin* kwa -in.

Usichanganye *n* ya hapa na ile ya swali la 15. Zinafanana kwa sura tu.

## Hali moja moja

5. Nyumbani ni eve, evde au evden?

Vyote vitatu. Kiswahili kina *-ni* moja na kazi iliyobaki hufanywa na kitenzi: naenda nyumbani, niko nyumbani, natoka nyumbani. Kituruki hakimwachii kitenzi kazi hiyo:

- *Eve gidiyorum.* Naenda nyumbani.
- *Evdeyim.* Niko nyumbani.
- *Evden çıkıyorum.* Natoka nyumbani.

Hapa ndipo wasemaji wa Kiswahili wanapoteleza zaidi, na kosa lina sura moja: kuitumia -de kwa kila *-ni*. *Okulda gidiyorum* si "naenda shuleni". Kabla ya kuweka kiambishi jiulize swali la Kituruki: *nereye?* (kwenda wapi), *nerede?* (wapi ulipo), *nereden?* (kutoka wapi). Jibu huvaa kiambishi kile kile cha swali.

Angalia pia vitenzi vinavyotudanganya. Kupanda basi ni *otobüse binmek*, na kushuka ni *otobüsten inmek*. Kuketi kitini kwa maana ya kwenda chini ukae ni *sandalyeye oturmak*, ila ukiwa tayari umekaa ni *sandalyede oturmak*. *Kampala'da oturuyorum* maana yake naishi Kampala.

6. Lini niweke -i kwenye kitendwa, na lini niiache?

Weka unapozungumzia kitu mahususi, acha unapozungumzia kitu chochote cha aina hiyo. *Kitap okuyorum* ni "nasoma kitabu" au "nasoma vitabu", yaani shughuli yenyewe. *Kitabı okuyorum* ni "nakisoma kitabu", kile tunachokijua. Kiambishi cha kati cha kitenzi chetu, *-ki-* katika *nakisoma*, kinakaribia sana kazi ya -i, na kwa vitu visivyo na uhai unaweza kukitumia kama mizani.

Mizani hiyo huvunjika kwa watu na wanyama. Kiswahili hudai *-m-* hata mtu asipojulikana: nimemwona mbwa. Kituruki hutofautisha: *Bir köpek gördüm* (mbwa fulani), *Köpeği gördüm* (mbwa yule). Kwa hiyo usiweke -i kwa sababu tu kitendwa kina uhai.

Ziko nomino ambazo ni mahususi kwa asili na huichukua -i zikiwa kitendwa: majina ya watu na mahali (*Fatuma'yı gördüm*), viwakilishi (*onu, beni*), nomino yenye *bu, şu, o* mbele yake (*bu kitabı*), na kwa kawaida nomino yenye mwenyewe (*kitabımı kaybettim*, nimepoteza kitabu changu). Ukisema *kitabım kaybettim*, Mturuki atakuelewa, lakini atasikia pengo.

Kitendwa kisicho na -i lazima kikae jirani na kitenzi. *Dün kitap okudum* ni sawa. *Kitap dün okudum* si sawa. Ukitaka kukihamisha, kivishe -i.

7. Nimemuuliza: kwa nini "ona sordum" na si "onu sordum"?

Kila kitenzi cha Kituruki kina hali kinayoidai, na Kiswahili huificha tofauti hiyo ndani ya kiambishi kimoja cha kitendwa. Nimemuuliza, nimemsaidia, namwogopa, nampenda: kwetu zote ni *-m-* au *-mw-*. Kwao:

- Nimemuuliza: *ona sordum* (-e). *Onu sordum* ipo, ila maana yake ni "nimeulizia habari zake".
- Nimemsaidia: *ona yardım ettim* (-e).
- Nimempigia simu: *ona telefon ettim* (-e), au *onu aradım* (-i).
- Namwogopa mbwa: *köpekten korkuyorum* (-den).
- Nampenda: *onu seviyorum* (-i).
- Juma amemuoa Asha: *Juma Asha'yla evlendi* (ile). Kitenzi ni hicho hicho ukianza na Asha. Kuoa na kuolewa hakutofautishwi.

Wengine wa -e wanaokutana nawe kila siku: *bakmak* (kutazama), *başlamak* (kuanza), *inanmak* (kuamini), *benzemek* (kufanana na). Wa -den: *hoşlanmak* (kupendezwa), *vazgeçmek* (kuacha nia), *bahsetmek* (kuongelea), *nefret etmek* (kuchukia). Dawa ni moja, na inachosha: andika kitenzi daftarini pamoja na hali yake, *-den korkmak*, kamwe usikiandike peke yake.

8. Viwakilishi navyo hufuata sheria?

Karibu vyote. Angalia vinavyokataa: *ben* na *sen* katika -e hugeuka *bana* na *sana* (si *bene, sene*), katika -in, *ben* hutoa *benim* na *biz* hutoa *bizim*, kwa *m* badala ya *n*. *O* (yeye) hupata *n* kila mahali: *onu, ona, onda, ondan, onun*. Vivyo hivyo *bu*: *bunu, buna, bunda*.

## Umilikishi

9. Vimilikishi ni vipi?

Kiswahili kinavyo kwa majina ya jamaa: babangu, mkewe, nduguyo, mwanangu. Kituruki hufanya hivyo kwa kila nomino.

| Mwenyewe | baba | nyumba | shule |
|---|---|---|---|
| -angu | babam | evim | okulum |
| -ako | baban | evin | okulun |
| -ake | babası | evi | okulu |
| -etu | babamız | evimiz | okulumuz |
| -enu | babanız | eviniz | okulunuz |
| -ao | babaları | evleri | okulları |

Kwa mtu wa heshima au mkubwa kwako tumia umbo la *-enu* hata akiwa mmoja: *adınız ne?* (jina lako nani?). Kumwambia mzee usiyemjua *adın ne?* ni utovu wa adabu.

10. Lazima niseme "benim evim", au "evim" inatosha?

*Evim* inatosha. *Benim* huongezwa kwa mkazo au kulinganisha: *Benim arabam eski, seninki yeni* (langu gari ni kuukuu, lako jipya). Mtaani utasikia *bizim ev, bizim mahalle* bila kiambishi kwenye nomino, hasa kwa *bizim*. Ni mazungumzo ya kawaida, lakini kwenye mtihani andika *evimiz*. Lisilowezekana ni *ben evim* au *ben ev*.

11. Nyumba ya Ali: kwa nini alama mbili?

*Ali'nin evi.* Mwenyewe hutangulia akiwa na -in, na mali hufuata ikiwa na kimilikishi cha *-ake*. Muundo huu si mgeni kama unavyoonekana. Tunapozungumza husema "Juma nyumba yake imeungua", tukimtanguliza mwenyewe na kuacha *yake* imrejee. Kituruki huishi hapo daima, ila humvisha Juma -in pia: *Juma'nın evi yandı*.

Mnyororo ukirefuka, kila kiungo hubeba alama zake: *Ali'nin arabasının rengi* (rangi ya gari la Ali). Kiungo cha kati kina mbili, *-sı* kwa sababu ni mali ya Ali na *-nın* kwa sababu lenyewe lina rangi. Soma kutoka mwisho kwenda mwanzo, utapata mpangilio wa Kiswahili.

12. Mbona "okul müdürü" haina -in?

Kwa sababu hapo hakuna mwenye mali, kuna aina. *Okul müdürü* ni mwalimu mkuu kama cheo. *Okulun müdürü* ni mkuu wa shule ile. *Çocuk odası* ni chumba cha watoto kinachouzwa fanicha zake dukani. *Çocuğun odası* ni chumba cha mtoto fulani. *Portakal suyu* (juisi ya machungwa), *otobüs durağı* (kituo cha basi), *diş fırçası* (mswaki) na *İstanbul Üniversitesi* zote ni za aina hii.

Ukiacha kiambishi kabisa, maana inaweza kugeuka. *Kadın doktor* ni daktari mwanamke. *Kadın doktoru* ni daktari wa magonjwa ya wanawake, na anaweza kuwa mwanamume. Kitu kilichotengenezwa kwa malighafi fulani hakihitaji kiambishi: *altın yüzük* (pete ya dhahabu), *tahta kaşık* (mwiko wa mbao).

Mswaki wangu je? *-sı* huondoka ikampisha *-m*: *diş fırçam*. Viwili havikai pamoja, *fırçasım* haipo. Ndiyo maana pia *diş fırçası* ni "mswaki" na vilevile "mswaki wake". Muktadha ndio huamua.

13. Nitasemaje "nina" na "sina"?

Kituruki hakina kitenzi cha "kuwa na". Husema kitu changu kipo au hakipo: *arabam var* (nina gari), *param yok* (sina pesa), *Ayşe'nin iki çocuğu var* (Ayşe ana watoto wawili). Baada ya namba nomino hubaki katika umoja, kwa hiyo usiandike *iki çocukları*.

*Bende para var* nayo ni sahihi, kwa maana ya pesa ninayo hapa, mfukoni. Mtu akiuliza nani ana chenji, hilo ndilo jibu. *Ben araba var* si Kituruki.

## Viambishi vikipangwa

14. Nini hutangulia nini?

Shina, kisha wingi, kisha mwenyewe, kisha hali: *ev-ler-imiz-den*, kutoka kwenye nyumba zetu. Utaratibu huu hauruki isipokuwa kwa jamaa (swali la 22).

15. Kwa nini "evinde" na si "evide"?

Baada ya kimilikishi cha nafsi ya tatu, kila kiambishi cha hali hutanguliwa na *n*: *evini, evine, evinde, evinden, evinin*. *N* hii haitenganishi irabu. Katika *evinde* konsonanti ilikuwepo tayari. Ni *n* ya viwakilishi, ile ile ya *onda* na *bunda*. Hutokea pia baada ya *-ki*: *seninkini* (kile chako), *evdekine* (kwa kile cha nyumbani).

Mahali pazuri pa kuizoea ni ramani, kwa sababu majina mengi ya mahali ni ya muundo wa swali la 12. *Van Gölü* ni ziwa Van, kwa hiyo *Van Gölü'nde*. *Ağrı Dağı'na*, *Galata Köprüsü'nden*, *Topkapı Sarayı'nda*. Mitaa ya Istanbul pia: *Beyoğlu'nda, Eminönü'ne*. Lakini *Kadıköy'de* na *Karaköy'e*, kwa kuwa majina hayo leo hayana kimilikishi mwishoni. Na *Topkapı'da* haina *n*, kwani *ı* yake ni ya *kapı* (mlango) lenyewe. Ukisikia dereva wa basi dogo akitaja kituo, sikiliza kama anatia *n*. Utajua jina limejengwaje.

16. "Evini" ni yako au yake? Na "evleri"?

*Evini* ni zote mbili: *ev-in-i* (nyumba yako) au *ev-i-n-i* (nyumba yake). Vivyo hivyo *evinde, evine*. Kwa neno linaloishia irabu tatizo halipo: *arabanı* ni lako, *arabasını* ni lake. Panapotatiza, ongeza *senin* au *onun*.

*Evin* peke yake ni "nyumba yako" au "ya nyumba". *Evi* ni "nyumba yake" au "nyumba ile" kama kitendwa.

*Evleri* imebeba nne: nyumba zake, nyumba yao, nyumba zao, na "zile nyumba" kama kitendwa. Sababu ni kwamba *-ler* mbili hazikai kwenye neno moja. Wingi wa mali na wingi wa wenyewe hugombea nafasi moja. Ukitaka kusema waziwazi: *onun evleri* (nyumba zake), *onların evi* (nyumba yao).

17. Juu ya meza, chini ya kitanda?

Kama kwetu, maneno haya ni nomino: juu *ya* meza. Kituruki huyatendea kama swali la 11: *masanın üstünde*, yaani "meza, juuni mwake". Sehemu ya mwisho hubadilika kwa mwendo: *masanın üstüne koydum* (nimeweka juu ya meza), *üstünden aldım* (nimechukua kutoka juu yake). Mengine: *altında* (chini), *içinde* (ndani), *önünde* (mbele), *arkasında* (nyuma), *yanında* (kando). *N* ni ile ya swali la 15.

## Shina linapobadilika

18. Kitap huwa kitabı. Kwa nini top haiwi tobu?

P, ç, t na k mwishoni mwa neno hulainika zikifuatwa na irabu: *kitap, kitabı; ağaç, ağacı; kanat, kanadı; çocuk, çocuğu*. Mbele ya konsonanti hakuna mabadiliko: *kitapta, çocuklar*.

Maneno ya silabi moja kwa kawaida hubaki: *topu, saçı, atı, sütü*. Yanayokwenda kinyume ni machache na ya kukariri: *kap, kabı* (chombo), *uç, ucu* (ncha), *tat, tadı* (ladha), *renk, rengi* (rangi), *gök, göğü* (anga). Maneno mengi ya Kiarabu yanayoishia *-t* nayo hayalainiki: *devleti, milleti, hayatı*.

19. Maneno ya Kiarabu tunayoyajua hufanyaje?

Haya ndiyo unayodhani rahisi kwa kuwa unayatambua, kumbe yana tabia tatu zake.

Ya kwanza, irabu hupotea. *Vakit* (wakati) hutoa *vaktim*, *akıl* (akili) *aklım*, *fikir* (fikra) *fikrim*. Kiarabu kilikuwa na konsonanti mbili mfululizo mwishoni. Kiswahili kiliongeza irabu moja kwa moja. Kituruki huiongeza pale tu isipofuata irabu nyingine. Kwa hiyo *vakitte* lakini *vakti*. *Şehir* (mji, la Kiajemi), *isim* (jina) na ya asili ya Kituruki kama *ağız* (kinywa), *burun* (pua), *oğul* (mwana) hufanya hivyo pia: *şehre* lakini *şehirde*.

Ya pili, konsonanti hurudi mbili. *Hak* (haki) hutoa *hakkım*, *sır* (siri) *sırrı*, *his* (hisia) *hissi*. Katika *haklar* na *sırlar* inabaki moja.

Ya tatu, upatanifu huvunjika: *saat* (saa) hutoa *saati, saatler, saatte*, si *saatı*. *Kalp* (moyo) ni *kalbi*, *harf* (herufi) ni *harfi*, *hâl* ni *hâli*. Hata maneno ya Ulaya: *rolü, golü, petrolü*. Kamusi nzuri huonyesha umbo la -i pembeni ya neno. Litazame kila unapoandika neno la kigeni daftarini.

## Tahajia

20. Alama ya ritifaa huwekwa wapi?

Kati ya jina la pekee na kiambishi cha hali au cha umilikishi: *Nairobi'ye, Mombasa'da, Zanzibar'ın, Kongo'ya, Khamis'ten*. Kulainika husikika lakini hakuandikwi: *Ahmet'i* husomwa Ahmedi, *Zonguldak'a* husomwa kana kwamba ina ğ.

Türk Dil Kurumu, taasisi ya lugha iliyoundwa 1932, haitaki ritifaa kwenye majina ya taasisi: *Boğaziçi Üniversitesine*, *Türk Dil Kurumunun*. Magazeti mengi huiweka hata hivyo. Vifupisho huipata na hufuata matamshi ya herufi: *TRT'den, TDK'nin*.

Miaka nayo hufuata jinsi namba ya mwisho inavyosomwa. Tanganyika ilipata uhuru *1961'de* (bir), Uganda *1962'de* (iki), Kenya *1963'te* (üç), na muungano wa Tanganyika na Zanzibar ulikuwa *1964'te* (dört). *1940'ta* kwa sababu ya *kırk*, *1990'da* kwa sababu ya *doksan*.

21. "Bende" na "ben de" zina tofauti gani?

*Bende* ni "kwangu, ninayo". *Ben de* ni "mimi pia". *De/da* ya "pia" huandikwa mbali na haigeuki *te/ta*: *kitap da* (kitabu pia), *kitapta* (kitabuni). Jaribio: itoe. Sentensi ikisimama, ilikuwa ya "pia". Waturuki wenyewe huikosea kila siku kwenye simu, na wenzao huwaumbua hadharani.

## Pembeni

22. Annemler na annelerim?

*Annelerim* ni mama zangu, zaidi ya mmoja. *Annemler* ni kina mama, yaani mama na walio naye nyumbani. Hapo kimilikishi hutangulia wingi. *Annemlere gidiyorum*: naenda kwa kina mama. Kwa jina la mtu, *Mehmetler* ni kina Mehmet, na haina ritifaa.

23. Arkadaşıyla au arkadaşınla?

Zote zipo. *Arkadaşıyla* ni pamoja na rafiki yake. *Arkadaşınla* ni pamoja na rafiki yako. *Ile* haichukui *n* ya swali la 15, huchukua *y*, na hivyo ndiyo pekee isiyochanganya yako na yake. Kwa viwakilishi vingi ongeza -in kwanza: *benimle, onunla*.

24. Kwa nini nakuta vimilikishi kwenye vitenzi?

Kwa sababu kitenzi kimefanywa nomino. *Gitmem lazım* (lazima niende) ni *gitme* (kwenda) na *-m* (kwangu). *Ali'nin gitmesi lazım*: lazima Ali aende. *Ali'nin geldiğini biliyorum* (najua Ali amekuja) ni *gel-diğ-i-n-i*: kimilikishi, *n* ya swali la 15, na -i kwa kuwa ndicho kinachojulikana. Hakuna kiambishi kipya hapo.

25. Saa husemwaje?

Dakika zilizopita huipa saa -i, zilizobaki huipa -e: *üçü on geçiyor* (tatu na dakika kumi), *üçe on var* (tatu kasoro dakika kumi). "Saa fulani" ya miadi ni -de: *üçte*. Kumbuka *üç* yao ni saa tisa yetu. Ukikosea hilo, kiambishi sahihi hakitakuokoa.

26. Nikijua hivi nitaelewa Kiazabaijani au Kiuzbeki?

Kiazabaijani, kwa sehemu kubwa. Tofauti ya kwanza utakayoigundua ni -i baada ya irabu, ambayo huchukua *n*: tofaa kama kitendwa ni *almanı*, pale Kituruki kinaposema *elmayı*. *Evində* ina *n* ile ile.

Kiuzbeki kiko mbali zaidi. Viambishi vyake havifuati upatanifu wa irabu: *kitobni, kitobga, kitobda, kitobdan, kitobning*. *N* ya swali la 15 haipo pia; nyumbani kwake ni *uyida*.